Okidi Iliyopotelea Ndani ya Jina Jipya

Nilimfahamu dada yangu wa Mwanga kwa sababu ya sare za kwaya. Kanisa letu hapa Same lilitaka kitambaa kipya, na kwa kuwa watu huamini mwalimu anajua kuchagua kila kitu, nikatumwa mimi. Nilielekezwa kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko, aliyesifika kwa vitambaa visivyochuja. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kadhaa, mnene wa kiasi, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu usogee ndipo umsikie. Aliponikaribisha uani kuona marobota ambayo hayajafunguliwa, nikaona kwenye panda ya mjohoro kichaka cha majani kimekaa juu ya mti kama kuku anayeatamia, na shada refu la maua ya njano yenye madoa ya kahawia, mfano wa ngozi ya chui.

"Dada, hiyo okidi umeitoa wapi?"

Aligeuka upesi. "Unaijua?"

"Ninaye mwenzake nyumbani."

Sare zilisubiri. Aliniambia kwamba kila anayeingia uani humuuliza kama ule mmea ni dawa, na ya nini, na akijibu kwamba ni ua tu, humtazama kama anaficha. Baba yake alikuwa mtunza bustani katika shamba la mkonge. Wenye shamba walipofunga na kuondoka, alichokibeba kutoka bustanini ni huo mmea, ukiwa na kibao cha bati kilichogongwa herufi moja moja kwa msumari: *Ansellia gigantea*.

Wangu ulikuwa na jina jingine. Niliuokota chini ya mgunga uliokatwa wakati wa kupitisha nguzo za umeme nje ya mji, nusu yake imesagwa na tairi. Niliufunga kwenye gogo barazani kwangu, nikaumwagia maji yaliyooshea mchele, ukapona. Mwalimu mwenzangu wa baiolojia aliulinganisha na picha katika kitabu chake cha zamani, akaniambia ni *Ansellia nilotica*. Nilikubali. Maua yangu yalikuwa madogo, madoa yamejaa hata njano inachungulia kwa shida. Ya dada yalikuwa makubwa, njano safi, na madoa machache kama ya mchuzi ulioruka sufuriani. Ukiyaweka pamoja, nani angekuambia ni kitu kimoja?

Tangu siku hiyo sikupita Mwanga bila kuingia kwake. Nikifika namwambia "Shikamoo dada," anaitikia "Marahaba mwalimu," chai inawekwa, na tunaongea mizizi na magome mpaka wateja wanaanza kujihudumia wenyewe. Alikuwa na binti, mtoto wake wa mwisho, ambaye alikaa kwenye cherehani pembeni ya duka akipunguza na kuongeza nguo za watu. Binti huyo alizaliwa na selimundu. Kulikuwa na wiki alikuwa mzima, anacheka, anaimba na redio. Kulikuwa na wiki mama yake alifunga duka, na sisi tunaomjua tulielewa wako hospitali.

Yeye ndiye aliyefanya kazi ambayo mimi na mama yake hatukuiweza. Mwaka mmoja okidi zetu zilichanua kwa wakati mmoja, nami nikakata kikonyo cha yangu, nikakizungushia karatasi yenye unyevu, nikakipeleka Mwanga. Tulitaka kuzipandisha. Chavua ya okidi si unga kama ya mahindi, ni vidonge vidogo vya njano vilivyojificha chini ya kifuniko, na macho yetu ya watu wazima hayakuvipata. Binti alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akainama, akashika pumzi. Kidonge kikanasa. Akakihamishia kwenye ua la mama yake, akakibandika mahali penye ute, kisha akanyanyuka na kupumua.

"Mama mdogo, hapa si ndiyo tumewaozesha?"

"Tumewaozesha."

"Na mashahidi ni ninyi wawili. Msije mkakana."

Tunda lilikuja taratibu, likaning'inia kama tango changa kwa miezi mingi, hadi likapasuka upande. Ndani mlikuwa na mbegu laini kuliko vumbi la chaki. Mbegu za okidi hazina akiba ya chakula ndani yake. Katika maabara huoteshwa kwenye chupa, nasi maabara hatuna. Lakini katika kundi letu la wasapu la wapenda okidi, mtu aliwahi kueleza kwamba ukizinyunyiza kwenye mizizi ya mama, kuna kuvu wanaoishi pale wanaoweza kuzilisha. Binti aliziweka kwenye karatasi iliyokunjwa na kuzipuliza taratibu kwenye mizizi ile iliyosimama wima kama brashi. Tukasubiri. Hapakutokea kitu, na baada ya muda tukaacha hata kuulizana.

Binti alifariki katika majira ya baridi. Nilipopata simu nilikuwa darasani, nikatoka nje nikasimama karibu na tangi la maji mpaka mwalimu mwenzangu alipokuja kunishika mkono. Nilikaa na mama yake siku za msiba, tukilala mkekani na wanawake wengine. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akisema tu, "Mwalimu, sikuwahi kumlaza peke yake."

Baada ya arobaini, alipoanza tena kumwagilia mimea, aliona kwenye mizizi vitu vya kijani kama punje za ulezi. Alinipigia, na kwa sababu ya ile sauti yake ya chini nilidhani ni habari mbaya. "Zimeota," alisema. "Zile mbegu alizozipuliza."

Miche mingi ilikufa. Mmoja ukaishi, ukanenepa, ukatoa mashina marefu mfano wa miwa, na ilipita miaka kabla haujatoa kikonyo. Siku ulipochanua alinitumia ujumbe mfupi: Njoo umwone. Nikaenda. Ua lilikuwa kubwa kama la kwao Mwanga, njano iliyokolea, na madoa yamejipanga pembezoni mwa kila petali kama mshono wa tarizi. Harufu yake ilikuwa nzito, karibu na ya asali iliyoanza kuchemka. Dada aliupa jina la binti yake. Jina hilo silitaji hapa kwa kuwa ni la kwao. Aliandika kwenye kibao cha plastiki kwa kalamu isiyofutika: *gigantea* kwa *nilotica*, na chini yake jina la mwanawe. Kwa hesabu zetu huo ulikuwa chotara, mtoto wa jamii mbili, na tulikuwa mashahidi.

Kipande kimoja alimpa mwenzetu wa tatu, mzee wa Msangeni, bwana shamba mstaafu, mkulima wa kahawa na migomba ambaye alipanda okidi kwenye kila mti usiomkimbia. Mzee huyo alikuwa amekuja kwenye msiba kwa miguu mpaka barabarani, na mvua ikinyesha. Dada hakusahau.

Sasa nifike kwenye hili la majina. Mtaalamu mmoja wa mimea, msichana mpole aliyekuwa akifanya utafiti kwenye nyika za huku kwetu, alikuja shuleni kuzungumza na wanafunzi kuhusu miti. Baadaye nilimkaribisha nyumbani kwa chai. Aliona gogo langu barazani, akainama kusoma kibao, akatabasamu.

"Mwalimu, hili jina limestaafu."

"Limestaafu vipi?"

"Watu walikusanya mimea hii sehemu nyingi, wakaona madoa yanaongezeka na kupungua, maua yanakua na kusinyaa, na hakuna mahali pa kuweka mpaka. *Gigantea*, *nilotica*, zote sasa ni *Ansellia africana*. Si jambo jipya sana, ila huku kwetu vibao vinachelewa kupata habari."

Nilimweleza kuhusu ua la Mwanga. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Alilitazama kwa muda mrefu, akalisifu kwa dhati, kisha nikamuuliza nilichokuwa naogopa kuuliza.

"Na mtoto wao je? Chotara wetu?"

"Si chotara, mama," alisema taratibu. "Ni mtoto tu."

Akaongeza kwamba wapandaji okidi duniani kote hupata taabu hii. Chotara hutambulishwa kwa majina ya wazazi wake. Wazazi wakibadilishwa jina, mtoto hubadilika naye bila petali yake moja kugeuka. Kuna chotara aliyekuwa na jina la jamii mbili zilizounganishwa, akaamka akakuta jamii hizo zimekuwa moja na jina lake halipo tena. Lakini mpanzi ana ruhusa ya kuupa mmea mmoja aliouchagua jina lake la pekee, na hilo halifutwi na mabadiliko haya. Kisha akanisihi jambo moja: nisitupe kibao cha zamani. Niandike jina jipya, na la zamani libaki chini yake, pamoja na mahali mmea ulipotoka.

Nilikwenda Mwanga nikiwa na uzito. Dada alikuwa akikunja vitenge, nami nikamweleza huku nikimsaidia kushika ncha. Hakuacha kukunja.

"Kwa hiyo hawakuwa wageni," alisema mwisho. "Walikuwa binamu."

"Ndivyo tunavyoweza kusema."

"Kwetu binamu wanaoana, mwalimu. Halina neno." Akaweka kitenge juu ya vingine, akakilainisha kwa kiganja. "Na jina la mwanangu? Nalo limestaafu?"

"Hapana, dada. Hilo haliguswi."

"Basi."

Nilidhani yameisha. Lakini habari ile ilifika kwenye kundi letu la simu, watu wakaijadili, wengine wakakasirika, wengine wakacheka. Mzee wa Msangeni hakukasirika wala hakucheka. Alikuwa mtu wa utaratibu, aliyefundisha wakulima maisha yake yote kwamba mtaalamu akibadilisha ushauri, nawe ubadilike. Alitengeneza vibao vipya kwa mimea yake yote ya aina ile, akaviandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, *Ansellia africana*, na vile vya zamani akavitupa.

Masika yaliyofuata upepo ulivunja mjohoro wa Mwanga. Dada alikuwa Tanga kwenye harusi ya mpwa wake. Mti uliangukia ukuta, mimea ikafunikwa na matope, na hapakuwa na mtu wa kuiinua. Aliporudi alikuta mashina ya njano yamekuwa meusi na laini, yanabonyea kama ndizi iliyooza. Ule mmea mkubwa wa baba yake ulikuwa na kipande kilichosalia upande wa juu. Wa binti haukusalia hata kipande. Aliniambia haya kwa simu bila kupandisha sauti.

"Upo Msangeni," nikamwambia. "Dada, upo Msangeni kwa mzee."

Tulipanda milimani pamoja mwisho wa wiki ile. Kule juu ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na dada, aliyezoea joto la Mwanga, alijifunga mtandio mara mbili. Mzee alitupokea mlangoni, tukamsalimia shikamoo, akaitikia na kutuongoza moja kwa moja shambani. Miparachichi na mikahawa ya zamani ilibeba okidi pande zote. Tukafika penye zile okidi zenye mashina kama miwa. Zilikuwa nyingi. Baadhi alizipata kwa dada, baadhi kwa jamaa wa Ugweno, nyingine kwa watu waliokata miti. Kila moja ilikuwa na kibao safi, na kila kibao kilisema neno lilelile.

"Ni upi, mzee?" dada aliuliza.

Mzee alitazama huku na huku. Nilimwona akielewa. Alivua kofia yake, akasimama nayo mkononi.

"Mwanangu," alisema, "nilizihamisha wakati wa kiangazi kuzipa kivuli. Nilijua vibao vitaniambia."

Bila maua, miche ile haina tofauti. Dada alipita kwenye mmoja baada ya mwingine akiigusa kwa ncha za vidole, kisha akasema hana haraka, atasubiri ichanue. Akamshika mzee mkono.

Ilipofika wakati wa vikonyo, mzee alitupigia, tukapanda tena. Mingi ilijitoa yenyewe: hii madoa yamejaa mno, ile njano imepauka. Ikabaki miwili, mmoja kwenye mparachichi na mwingine kwenye kisiki cha mkahawa. Yote ilikuwa na maua makubwa, njano iliyokolea, madoa pembezoni. Nilitoa simu yangu na picha ya zamani. Rangi za picha zilikuwa za mchana wa Mwanga, na hapa tulikuwa chini ya wingu, ukungu na majani. Nilimtumia yule mtaalamu picha zote. Alijibu kwamba kwa macho hawezi, na kwamba hata kupima vinasaba kungehitaji wazazi wote wawili na maabara, maana kwa jina hawa wote ni jamaa moja.

Dada alisogea kwenye wa kwanza, akanusa. Akaenda kwenye wa pili, akanusa. Akarudi. Nilikuwa nimeamini moyoni kwamba atajua, kwamba mama hawezi kukosea. Lakini alikaa chini kwenye majani makavu, akafunika uso kwa mtandio, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamsikia akilia kwa sauti.

"Simjui," alisema. "Mwalimu, simjui mwanangu."

Nilikaa naye. Nikamshika mabega. Mzee aliondoka, nikadhani ametuachia nafasi, kumbe alikwenda kwa mkewe. Mkewe alikuja akijifuta mikono kwenye khanga, mama mkimya aliyetupikia ndizi na kukaa pembeni safari zote mbili. Alimuuliza dada kwa upole, "Ulipotuletea, uliufungia nini?"

Dada akainua uso. "Kuufungia?"

"Ulikuja umefungwa kwenye kipande cha gome. Nakumbuka nilitaka kukikata kile kitambaa, mzee akanikataza, akasema mizizi itasumbuka."

Dada alinitazama. Mfanyabiashara wa vitambaa angefunga kwa kitu gani tena? Kwa kipande kilichobaki chini ya cherehani ya binti. Tulikwenda kwenye mparachichi, mzee akatenganisha mizizi kwa subira, akipuliza vumbi la majani. Hapakuwa na kitu ila gome. Tukaenda kwenye kisiki. Mizizi ilikuwa imefunika kila mahali, myeupe, imekazana. Mzee aliingiza kidole, akavuta kidogo, na pakatokea ukingo wa kitambaa cha zambarau, kimefifia lakini hakijachanika.

"Tetroni," dada alisema. Akacheka na machozi bado yapo. "Tetroni haiozi. Hicho ni kipande cha gauni alilompunguzia mke wa shehe. Alikishona vibaya, akakikata, akaanza upya." Akakigusa bila kukivuta. "Basi ni wewe," akauambia mmea.

Mzee aligawa mmea siku hiyohiyo kwa kisu alichokichemsha kwanza, akapaka majeraha unga wa mkaa. Alitaka dada achukue kipande kikubwa, dada akataka kidogo, wakabishana kwa heshima mpaka mke wa mzee akaamua wagawane sawa. Mzee akaleta kalamu na kibao, lakini akampa dada aandike mwenyewe. Aliandika jina jipya kwanza, kwa kuwa ni jina, na mtu asipolijua hatamwelewa mwenzake wa mbali. Chini akaandika majina mawili ya zamani. Chini ya hayo akaandika: mama ni wa shamba la mkonge, baba ni wa mgunga wa Same. Mwisho akaandika jina la binti. Nafasi iliisha, herufi za mwisho zikapanda ukingoni. Mzee alimwomba aandike na kingine, cha kubaki kwake.

Hivi sasa mmea ule uko Mwanga, kwenye kigogo cha mwarobaini alichokisimamisha ukutani mahali mjohoro ulipokuwa. Bado haujachanua tangu urudi. Umetoa miche miwili, na mizizi imeanza kushika gogo. Yule mtaalamu hunitumia ujumbe mara mojamoja, na juzi aliniambia kuna okidi nyingine ya milima yetu ambayo imehamishiwa ukoo mwingine. Nilipomweleza dada, alikuwa akimpimia mteja kitambaa, hakuinua kichwa.

"Imehama, au wamesema imehama?"

"Wamesema."

"Haya. Tutaiandika," akasema, akakata.